Mnaouza "pauni ya Malkia" kwa kigezo cha sumaku: acheni utapeli!

Wakuu, inatosha sasa. Kila siku ni tangazo lilelile: "Pauni ya dhahabu ya Malkia Victoria, original, haishikwi na sumaku, bei maelewano, njoo PM." (yaani ile sarafu ya Uingereza iitwayo sovereign). Picha moja ya gizani, sarafu iko kiganjani, ubavu hauonekani, uzito hautajwi. Ukiuliza ina gramu ngapi unaambiwa wewe si mnunuzi.

Hiyo sumaku imewaponza wengi. Dhahabu hainasi, sawa. Lakini shaba nayo hainasi, wala fedha, wala risasi. Umejua tu kwamba si chuma, basi. Na peni ndogondogo za Uingereza zilizotoka kuanzia 1992 nyingi ni chuma kilichopakwa shaba: zinanasa vizuri tu na ni halali kabisa.

Pauni ya dhahabu ina gramu 7.98, kipenyo milimita 22.05, unene 1.52. Iliyotumika sana hupungua kidogo, ila ikishuka chini ya gramu 7.94 Waingereza wenyewe hawakuitambua tena kama pesa halali. Shaba ya njano ya ukubwa uleule haivuki sana gramu 4. Mghushi akiinenepesha ili uzito upande, kalipa (kipimo cha kipenyo na unene) inamuumbua. Kwa hiyo pima vyote vitatu, usichague kinachokufurahisha.

Kisha maji. Weka glasi ya maji kwenye mizani, rudisha sifuri, ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba izame yote bila kugusa glasi, na hakikisha haina mapovu. Chukua uzito mkavu, gawanya kwa namba unayoisoma: jibu ni metali hiyo ni nzito mara ngapi kuliko maji. Pauni itasoma kama 0.45, jibu lizunguke 17.6. Nusu krauni, sarafu ya fedha ya zamani ya Uingereza (gramu 14.14), itasoma kama 1.37, jibu 10.3. Ukipata 8 na ushee, umeuziwa shaba.

Vyote vikikubali bado kuna kazi, maana zile bandia za Lebanoni za miaka ya 1950 na 1960 nyingi ni dhahabu kweli! Hapo chukua lenzi ya mara 10. Vijino vya ukingoni mwa uso wa sarafu kwenye halisi vimekatika wazi. Kwenye bandia vimelegea kama vimeyeyuka. Angalia vipele na vishimo shingoni mwa Malkia. Zile zenye farasi zina herufi B.P. za mchongaji Pistrucci, chini kulia. Kwenye bandia mara nyingi ni kidoa tu. Iliyomiminwa kwenye kalibu huacha mstari wa kiungo ubavuni, ndiyo maana tunadai picha ya ubavu na nyie mnaificha.

Wengine hata kusoma hamsomi. Pauni za Victoria za London zina kichwa cha ujana hadi 1885, cha taji dogo 1887 hadi 1893, cha ushungi hadi 1901. Maneno IND IMP (kifupi cha Kilatini, "Malkia Mkuu wa India") yaliingia 1893. Sasa mtu anatuletea ya "1880" yenye IND IMP na anaapa kwa jina la babu yake.

Sarafu za fedha za Uingereza nazo: hadi 1919 ni fedha asilimia 92.5, kuanzia 1920 ni 50, na kuanzia 1947 sarafu za mzunguko hazina fedha hata chembe. Nusu krauni ya 1936 si "fedha tupu", ndugu yangu.

Na hili la senti 10 yenye tundu ya Afrika Mashariki, 1936, "mfalme aliyejiuzulu, milioni 30"! Edward VIII kweli hakutolewa kwenye sarafu za mzunguko kule Uingereza, lakini hizi za kwetu zenye jina lake zilipigwa kwa wingi. Ni za kawaida. Milioni 30 ya nini?

Halafu acheni kuzisugua kwa ndimu na dawa ya meno. Peni ya shaba iliyogeuka rangi ya waridi imeshakufa, hakuna mkusanyaji makini atakayeigusa.

Mods (wasimamizi wa jukwaa), tunaomba sharti: picha ya pande mbili, picha ya ubavu, na uzito ukiwa unasomeka kwenye mizani. Asiyeweka, tangazo lifutwe.

NYONGEZA: Mnaouliza mizani, ya jikoni inayoruka gramu moja moja haifai. Tafuteni ya sonara inayosoma 0.01, na muihakiki kwanza kwa jiwe lake.