Mjadala: Sheria ya usawa Tunisia iliwapa wanawake viti, mbona umeya haukufuata?

Hoja: Mei 6, 2018 wanawake wa Tunisia walipata karibu asilimia 47 ya viti vya mabaraza 350 ya miji. Mameya wanawake wakawa kama mmoja kati ya watano. Sheria ilifeli?

Nahodha: Ilifaulu pale ilipobana. Marekebisho ya Februari 2017 yalitaka majina ya wanawake na wanaume yapishane katika kila orodha ya wagombea, na chama chenye orodha nyingi kiweke wanawake vinara, yaani majina ya kwanza, katika nusu yake. Chama cha Ennahda kilisimamisha orodha mabaraza yote 350, hivyo 175 zianze na mwanamke. Orodha huru, zisizo za chama, zikaponyoka, maana kila moja iligombea baraza moja tu, na moja haigawiki nusu. Nyingi ziliweka mwanamume juu, mwanamke wa pili. Ikipata kiti kimoja, wa pili kabaki nje. Ikipata viwili, anaingia, lakini umeya haugusi: madiwani walimchagua meya kutoka kwa vinara wa orodha peke yao! Pengo linaanzia hapo.

Bint Pwani: Mji mkuu, Tunis, unathibitisha. Souad Abderrahim alikuwa kinara, ndiyo maana aliweza kugombea. Julai 3, 2018 alishinda kwa kura 26 dhidi ya 22. Wapinzani walidai meya, anayeitwa shekhe wa mji, huhudhuria msikitini usiku wa 27 wa Ramadhani, eti mwanamke hafai. Sharti hilo halikuwamo katika sheria yoyote.

Mzee Kipimo: Orodha inamfunga mwanamke kwa wakubwa wa chama. Afadhali Jordan: mwaka 2007 walitenga asilimia 20 ya viti vya mabaraza, 2011 ikawa 25, vikapewa wanawake waliokosa ushindi wa moja kwa moja lakini wakawazidi kwa kura wanawake wengine walioshindwa. Mtu anachaguliwa kwa jina lake.

Nahodha: Mzee wangu, kwa jina Tunisia imeshajaribu. Sheria ya Septemba 2022 ilifuta orodha za wabunge, kila jimbo mtu mmoja, na mgombea alete sahihi 400 za wadhamini, nusu yao wanawake. Wanawake wakatia sahihi, wanaume wakaingia: wabunge wanawake 25 kati ya 154, ilhali 2014 walikuwa 68 kati ya 217. Machi 2023 mabaraza ya miji nayo yakavunjwa.

Bint Pwani: Basi siku orodha zikirudi, kidaiwe kifungu kimoja kwanza: diwani yeyote aruhusiwe kugombea umeya.