"Kafunga nani?" Uzi maalumu wa kumlaani yule jamaa wa fainali ya jana

Mzunguko_Mwanga (mleta uzi)

Wakuu, sina salamu leo. Salamu zangu zote ziliishia dakika ya 79.

Jina simtaji. Kigoma nzima mnamjua. Yule wa pikipiki yenye spika, akipita Lumumba mpaka watoto wachanga wanaamka. Yule wa miwani nyeusi hata umeme ukiwa umekatika. Yule ambaye msibani huwa wa kwanza kushika sinia na wa mwisho kushika jembe. Kama bado humjui, muulize fundi simu yeyote pale Mwanga, wote wanamdai.

Sasa sikilizeni. Jana Jumapili, tarehe 25 Julai 2021, fainali ya Kombe la FA, Simba na Yanga, Uwanja wa Lake Tanganyika. Simba na Yanga, KIGOMA! Sisi ambao watani tunawaonea kibanda umiza, tumebanana kwenye benchi lenye misumari, na bao likifungwa ndipo luku inapoisha. Lindi walipelekewa fainali ya Azam na Lipuli mwaka juzi, Sumbawanga wakapata Simba na Namungo mwaka jana. Sisi tukaletewa watani wenyewe. Mtu ukikosa hiyo unasubiri mpaka wajukuu wazeeke.

Nikawahi. Nikala jua mpaka nikawa sitambuliki. Lakini nilipata sehemu nzuri mzunguko, mbele yangu kakaa mama mmoja mfupi na mwanawe, nikasema Mungu hamtupi mja wake. Mapumziko yule mama akahama kufuata kivuli. Nani akaja kukaa pale? YULE. Na jezi ya kijani kifuani, huku mfukoni skafu nyekundu inachungulia. Mtu wa tahadhari.

Dakika ya 79, kona ya Simba. Anakwenda kupiga Luis Miquissone, Luis huyo huyo aliyewatoa Azam kule Songea. Yanga wako kumi. Uwanja mzima umekaza macho. Yule akasimama. Angesimama kuangalia mpira ningemwelewa. Yeye kaupa uwanja MGONGO, kanyoosha simu juu, kaanza kujirekodi: "Watu wangu, tuko laivu hapa, mambo ni moto!" Namwambia kaka kaa chini, ananionyesha kidole nisubiri. Nisubiri nini, kona ikapigwe kesho? Nikainamia kushoto, akayumbia kushoto. Nikaenda kulia, tumbo likanifuata kulia. Jezi ikapanda kwa jinsi alivyoinua mkono. Mara nasikia uwanja unalipuka, watu wanarukiana, mtu kanimwagia maji kisogoni.

Taddeo Lwanga kafunga kwa kichwa. Bao la ubingwa. Mimi, Simba tangu tumboni mwa mama, nimeona nini? Nimeona kitovu.

Halafu, wakuu, HALAFU. Akageuza kamera, akanielekezea mimi usoni, na kwa sauti yake ile ya mnada akauliza: "Kafunga nani?"

Kafunga nani! Unaniuliza mimi? Wewe ndiye ulikuwa pazia!

Nilikuwa nimeamua kumsamehe, mwenyewe ni shahidi. Leo asubuhi naenda zangu kunywa kahawa, nakuta kijiwe kizima kinaangalia simu na kugaragara. Ile video iko kwenye magrupu yote. Bao linaonekana vizuri kabisa juu ya bega lake, yaani dunia nzima imeliona isipokuwa mimi, kisha inakuja sura yangu, mdomo wazi kama kuhe aliyeopolewa. Chini kaandika: "Mashabiki wengine bwana, kafika uwanjani hajui hata nani kafunga." Shangazi kanipigia kutoka Uvinza kuuliza kama naumwa. Kasulu imefika. Kibondo imefika. Nasikia hata wavuvi wanaiangalia katikati ya ziwa.

Mukoko wa Yanga kampiga Bocco wetu kiwiko, kalimwa nyekundu hata mapumziko hayajafika. Je, anayempiga mwenzie kitovu fainali nzima anapewa kadi ya rangi gani?

Natoka kwenda kazini. Nikirudi nikute mmemshughulikia.

Kahawa_Chungu

Nimeweka kigoda hapa. Mwenye kashata asogee.

BintiKatubuka

Subiri kwanza. KUMBE NI WEWE? Mkuu hiyo video nimeiangalia tangu saa kumi na mbili, nimechelewa kuwasha jiko. Lile jicho la kushoto lilikuwa linatafuta nini?

Mwananchi_Ujiji

Afadhali yako hukuona. Sisi wa upande wa pili tuliliona lote, kuanzia mpira unatoka mguuni kwa Luis mpaka unagusa nyavu. Laiti na sisi tungepata mtu wa kutuziba kwa kitovu.

Mzunguko_Mwanga

Mwananchi, huu uzi hauna Simba wala Yanga. Hapa tunazungumzia utu. Mtu anasimama dakika ya 79! Angesimama dakika ya 12 ningesema nini mimi?

Dereva_wa_Kazegunga

Mleta uzi, swali dogo. Tiketi ulikata, au ni wale tuliowaona wameparamia miti?

Mzunguko_Mwanga

Nilikata, na kipande ninacho mpaka sasa hivi. Nakitunza kama ushahidi, maana nimelipia bao sikupewa.

Mtu_wa_Gungu

Mnamwonea tu huyo bwana. Mwezi uliopita mama yangu kazidiwa usiku, yule ndiye aliyempakia akamfikisha hospitali, na hela hakuchukua. Ile spika tu ndiyo hakuzima.

BintiKatubuka

Mgonjwa kafikishwa hospitali na muziki 😂😂

Mwananchi_Ujiji

Tuseme ukweli wakuu, ile kadi iliua mechi. Tarehe 3 Julai tulikutana nao kumi na moja kwa kumi na moja, Zawadi Mauya akawapa kimoja, wakatoka wameinamisha vichwa. Jana tukiwa pungufu karibu saa zima wanapata kimoja cha kona, tena cha kusukumana. Halafu leo wanaimba mjini kana kwamba wametoka kombe la dunia.

Mnyama_wa_Bangwe

Povu hilo lifulie. Kiwiko kilionekana mpaka Kongo ng'ambo. Mlitaka refa apige makofi? Ligi tumebeba, mara ya nne mfululizo. FA tumebeba, tena mara ya pili mfululizo. Ninyi mmebeba kumbukumbu ya tarehe 3 Julai, itundikeni sebuleni.

Mwananchi_Ujiji

Lwanga mwenyewe ni kiungo mkabaji, hata yeye alishangaa mpira umeingia. Naye alitaka kuuliza kafunga nani.

Mzunguko_Mwanga

MSILITUMIE HILO NENO.

Mwembe_wa_Tabora

Habari zenu majirani. Mimi nacheka tu. Nusu fainali ya Yanga na Biashara United mwezi uliopita ilichezwa kwetu, Ali Hassan Mwinyi. Bao la Yacouba tuliliona wote, wazee, watoto, mpaka muuza maji. Hakuna aliyesimama na kitovu nje. Mpira unaangaliwa kistaarabu.

Kahawa_Chungu

Watani, msitudanganye. Hamkusimama kwa sababu mlikuwa mmelala. Mwembe ukishatoa kivuli Mnyamwezi kaisha.

Mwembe_wa_Tabora

Sawa mtani, tukaneni. Ila mimi nina langu zito kuliko kitovu. Nimekuja na treni kutoka Tabora, nashuka Kigoma nimevunjika kiuno, naingia gesti ile ile ninayolala kila nikija kufuata dagaa. Chumba cha elfu kumi na tano naambiwa elfu sitini. Nikamuuliza dada wa mapokezi, kwani ndani mmeongeza nini? Akanijibu bila kunitazama: "Kuna fainali." Nikaingia, nikatafuta hiyo fainali mpaka chini ya kitanda. Nimekuta ndoo ile ile ya mwaka juzi, na kandambili moja ya mguu wa kulia.

BintiKatubuka

Kandambili ya kushoto iko chumba cha pili, nacho elfu sitini.

Dereva_wa_Kazegunga

Bora wewe ulipata chumba. Kuna wageni nimewazungusha usiku kucha, tumeishia kuwatafutia jamvi kwa shemeji yangu. Asubuhi shemeji naye kawadai hela ya jamvi.

Mla_Mgebuka

Gesti ni nini? Mimi mwenyeji, mzaliwa wa hapa, nimekaa kwa mama ntilie wangu wa miaka yote. Ugali na mgebuka. Nanawa kulipa, naambiwa elfu saba! Mgebuka mmoja, tena mkia. Huyu samaki katoka ziwani hapo chini, hakupanda ndege na timu.

Mama_Sinia

Mwanangu Mla Mgebuka, kama ni mimi unayenisema njoo unisemee hapa kibandani. Samaki tangu Ijumaa walinunuliwa wote na wageni, Kibirizi beseni lilipanda mara mbili. Mkaa ulipanda. Mawese yalipanda. Mlitaka mimi peke yangu nibaki chini niwashikie ngazi? Na deni lako la Mei halijaisha.

Mla_Mgebuka

Shikamoo mama. Sikukusema wewe.

Mama_Sinia

Marahaba. Elfu nne na mia tano.

Mzunguko_Mwanga

Wakuu nimerudi kutoka kazini nakuta mnajadili mgebuka. Hivi mmeelewa kilichotokea? KONA. Imepigwa KONA, na mtu mzima na ndevu zake kasimama katikati ya jicho langu na lango. Huko kazini bosi kaingia ofisini, hakusema habari za asubuhi, kasema "kafunga nani?"

Mnyama_wa_Bangwe

Mleta uzi, tazama marudio basi yaishe. Bao ni lile lile.

Mzunguko_Mwanga

Marudio niliyonayo ni ile video! Kila nikitaka kuliona bao lazima nipite kwenye kitovu!

Kijana_wa_Mashujaa

Ninachoshangaa mimi ni watu wa Kigoma kugombana kwa ajili ya timu za Dar. Desemba 2018, Mashujaa yetu ilikwenda mpaka Uwanja wa Taifa, ikamtoa Simba 3-2 kwenye kombe hili hili la FA. Nani alifungua uzi? Nani alivaa jezi? Nilizunguka mjini siku ile kutafuta mtu wa kushangilia naye, nikaambiwa "Mashujaa ndiyo timu gani?" Na mnakaa nayo mtaa mmoja.

Mnyama_wa_Bangwe

Hilo halihusiki hapa.

Kijana_wa_Mashujaa

Halihusiki kwa sababu uliangua kilio siku ile. Nilikuona.

Mwananchi_Ujiji

Kijana, mimi nilishangilia. Sikuwa naijua Mashujaa lakini nilishangilia sana.

Mstaafu_wa_Reli

Vijana wangu, kitovu kimepita, gesti imepita. Kuna jambo hamjaligusa. Mwanangu wa Dar kanitumia hela ya kiingilio kwa simu. Tangu tarehe 15 mwezi huu tozo ya serikali kwenye miamala ya simu, ile waliyoiita ya mshikamano, imeanza. Katumia, kakatwa. Nimekwenda kutoa, nimekatwa. Wakala naye ananitazama kwa huruma, nikadhani na yeye atakata. Nimefika uwanjani nimepungukiwa, ikabidi ninunue karanga nusu.

Dereva_wa_Kazegunga

Mzee wangu, hapo umenigusa. Mimi abiria wote sasa nawaambia taslimu. Hela ya simu ikipita mara mbili inabaki harufu.

Mla_Mgebuka

Tozo ni mshikamano, mzee. Tunajenga nchi.

Mstaafu_wa_Reli

Nchi nimeijenga tangu injini za mvuke. Waniachie karanga.

Mama_Sinia

Wewe Mla Mgebuka usiyelipa mgebuka ndiye wa kutufundisha mshikamano?

BintiKatubuka

Tozo sawa, lakini na bando je? Nimeangalia video ya mleta uzi mara tano tu, bando la wiki limekwisha.

Mzunguko_Mwanga

Kwa hiyo na bando lenu ni kosa langu. Turudi kwenye mada. Jamani, mtu alisimama

Kahawa_Chungu

Mwenye uzi, mbona umekata sentensi? Au kuna mtu kasimama mbele ya simu?

Mwembe_wa_Tabora

Tozo kwetu ndiyo usiseme. Mtu anauza asali dumu moja, hela inapita kwa simu tatu, akija kuishika imebaki ya nta.

Mstaafu_wa_Reli

Asali ya Tabora siku hizi bei gani, mtani? Nina kikohozi.

Mwembe_wa_Tabora

Shikamoo mzee. Tutaelewana, wewe mtu wa reli ni ndugu. Tena nilikuwa nataka kuuliza hapa: kuna anayepanda treni inayofuata kurudi Tabora ambaye hana mzigo? Nimenunua madumu mawili ya mawese, ya kwangu nafasi imejaa dagaa.

Dereva_wa_Kazegunga

Mawese umechukulia wapi, na kwa bei gani?

Mwembe_wa_Tabora

Mwandiga, elfu hamsini dumu.

Mama_Sinia

Wamekupiga mwanangu. Dumu la lita ngapi?