Elohim ni Mungu au malaika? Zaburi 8 na Waebrania 2 zinanichanganya

msomaji_usiku: Wakuu naombeni msaada. Zaburi 8:5 kwenye Biblia ya Union inasema mwanadamu amefanywa "mdogo punde kuliko Mungu", nikienda Waebrania 2:7 maneno ni yaleyale ila imeandikwa "kuliko malaika". Kipi ni kipi? Nimeambiwa kwa Kiebrania hapo pameandikwa Elohim, na mimi siku zote nilijua Elohim ni Mungu basi.

Kalamu_7: Mkuu hiyo Zaburi kwa Kiebrania ni Elohim kweli, ila Wayahudi walioitafsiri kwa Kigiriki kabla ya Yesu kuzaliwa waliweka "malaika", na Waebrania imenukuu hiyo ya Kigiriki. Elohim kwa umbo ni wingi, ile -im ya mwisho ndo wingi wao, lakini Mwanzo 1:1 kitenzi "aliumba" kiko umoja kwa hiyo unajua anasemwa Mungu mmoja. Sasa soma Zaburi 82:1, Elohim amesimama katikati ya elohim, neno lilelile mara mbili mstari mmoja. Na 1 Samweli 28:13 yule mwanamke wa Endori, mwita wafu, anamwona Samweli aliyekwisha kufa anapanda kutoka ardhini, anasema ameona elohim! Mimi naliona ni neno la walio wa ulimwengu wa roho, nani hasa utajua kwa kuangalia habari yenyewe.

mama_wa_neno: Na malaika kwa Kiebrania ni malakh, yaani mjumbe, aliyetumwa. Fungua Mwanzo 32 mwanangu, mstari wa 1 Yakobo anakutana na malaika wa Mungu, mstari wa 3 anatuma wajumbe kwa Esau, kwa Kiebrania wote hao ni malakhim, wa mbinguni na hao vijana wake wa kutumwa. Sisi malaika tumelipata kwa Waarabu, shina hilohilo, ila kwetu limebaki la mbinguni tu ndo maana hatushtuki tukisoma. Malaki pia ni "mjumbe wangu".

msomaji_usiku: Aisee nimefungua Mwanzo 32 sasa hivi, kumbe malaika ni kazi! Na maserafi, wale viumbe wa mbinguni, je?

Kalamu_7: Jina lao limetoka kwenye neno la Kiebrania saraf, kuunguza. Neno hilo ndo liko Hesabu 21:6 kwa zile nyoka za moto jangwani, halafu Isaya 6 unakutana nao juu ya kiti cha enzi, mabawa sita sita, mawili ya kufunika uso. Na Agano la Kale lote hakuna pahali serafi au kerubi (kiumbe mwingine wa mbinguni mwenye mabawa) ameitwa malakh.