Mrejesho: picha kugandaganda kwenye king'amuzi cha antena

Niliuliza kwa nini nguvu ya mawimbi inasoma 85 huku ubora ukirukaruka kati ya 20 na 45, na picha inavunjika vipande. Sasa imetulia, asanteni.

Mliosema busta (kifaa cha kukuza mawimbi ya antena) itolewe mlikuwa sahihi. Ilikuwa inakuza kelele pamoja na mawimbi, ndiyo maana nguvu ilipanda na ubora ukaporomoka. Bila busta nguvu inasoma 68, ubora 80. Anayeangalia nguvu peke yake atahangaika sana.

Kosa la pili lilikuwa kwenye kiungo cha waya juu ya bati: maji yaliingia, shaba ikawa ya kijani. Kipande cha mita 2 kilikatwa chote, maana maji hutambaa ndani ya nyuzi za kinga (wavu wa chuma unaozunguka shaba ya kati). Waya mpya ni RG6 (aina ya waya wa antena) wa omu 75, mita 18 bila kiungo katikati. Konekta, yaani kichwa cha waya, ni ya aina ya F. Hakikisha hata unywele mmoja wa kinga haugusi shaba ya kati. Funga utepe wa mpira, kisha uache waya ulegee kitanzi chini ya antena ili maji yadondokee hapo.

Kuelekeza antena: zungusha kidogo kidogo, subiri sekunde 5 kila mara, kwa sababu kipimo cha king'amuzi huchelewa. Vijiti vilale au visimame kama vya majirani wanaopata picha safi.

Kigawanyaji cha televisheni mbili bado sijakiunganisha tena. Kinakula takriban desibeli 3.5 za mawimbi kila upande, yaani zaidi kidogo ya nusu ya nguvu yake.