Naomba ushauri: kuweka SSD kwenye kompyuta yenye kache ya Optane

Hamjambo wenzangu. Niko Kisumu. Kompyuta ya mezani ya ofisini ina diski ya kuzunguka ya TB 1 inayoharakishwa na Intel Optane ya GB 16, kadi ndogo ya kache inayoshika kwa muda data inayotumika sana. Nataka kuweka SSD ya NVMe (diski ya kasi isiyozunguka) ya GB 500. Zilizotumika ni GB 310, kwa hiyo zitaenea. Shida ni tundu la M.2, la kuchomekea kadi hizi kwenye ubao mkuu: liko moja tu, na Optane ndiyo imelikalia, imefungwa kwa skrubu ndogo.

Nilinakili diski kwenye SSD nikitumia kasha la USB bila kuzima Optane kwanza. Nakala ikagoma kuwaka, skrini ya buluu tu. Optane siwezi kuing'oa hivi hivi, maana huenda kuna data ambayo bado haijashuka kwenye diski, na stima hapa hupotea ghafla. Sasa nimeazima UPS (betri ya akiba), nizime Optane ndani ya Intel RST (programu ya Intel ya kusimamia diski), niwashe upya, ndipo ninakili tena.

Kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla ya Windows kuwaka), diski niitoe RST niiweke AHCI (mpangilio wa kawaida usiotumia Optane) kabla ya kunakili, au baadaye Windows ikiwaka kwa hali salama (Safe Mode)? Na diski ya zamani nikiibakiza ya kuhifadhia faili, nifute sehemu yake ya kuwashia? Asanteni.