Tea with Mussolini: Lady Hester alimuamini vipi yule jamaa?

Wakuu nimecheki hii muvi ya 1999, wale mabibi wa Kiingereza walioishi Florence, Italia. Hivi Lady Hester aliona nini kwa Mussolini, dikteta wa Italia, hadi akaamini ahadi yake ya kuwalinda kwa chai moja tu?

— Mjane wa balozi yule, kazoea kuheshimiwa na wakubwa, akaona neno la Duce (ndiye Mussolini) linatosha. Juni 1940 Italia ikaingia vitani na Uingereza, basi mabibi wakasombwa na kuzuiliwa mji mdogo wa San Gimignano, ahadi kwisha.

— Mimi kaniuma Elsa, yule Myahudi wa Marekani kacheza Cher. Analipia mabibi watolewe kambini walale hotelini, kimyakimya, halafu Hester anadhani ni Mussolini kafanya! Na picha yake akinywa chai na Mussolini anaing'ang'ania. Maggie Smith, aliyecheza Hester, kaua pale.