Podikasti ya kusindikiza tamthilia: ya waandaaji, ya waigizaji au ya wachambuzi?

Mdadisi_Kiwambo
Wakuu, salaam. Natafuta podikasti za kusikiliza sambamba na tamthilia: nikimaliza sehemu moja, nasikiliza mazungumzo yake, ndipo niendelee. Nilizopanga ni Chernobyl, The Last of Us, Breaking Bad na The Office ya Marekani. Zote sijaziona. Naona kuna za waandaaji wenyewe, za waigizaji wanaorudia kazi yao ya zamani, na za wachambuzi wa nje. Masharti ni mawili tu: nisiharibiwe uhondo, na bando ni GB 2 kwa wiki. Simu ni Android. Ipi iende na ipi?

Mkasi_wa_Mhariri
Mkuu, swali la kwanza si nani anaongea, ni lini walirekodi. Podikasti iliyotoka wiki ileile tamthilia inarushwa haiwezi kukupeleka mbele sana, maana hata watazamaji wa siku hizo walikuwa hawajaona mwisho. Iliyorekodiwa miaka kumi baadaye inaongea na watu wanaojua kila kitu.

Kwa kipimo hicho, anza na Chernobyl. The Chernobyl Podcast ya HBO ilitoka 2019 pamoja na tamthilia yenyewe, sehemu tano kwa sehemu tano. Peter Sagal anauliza, Craig Mazin aliyeiandika tamthilia anajibu. Raha yake ni kwamba Mazin anataja bila kuzungushwa wapi alifuata historia na wapi aliigeuza. Kwa mfano, yule mwanasayansi Ulana Khomyuk hakuwa mtu halisi. Amebebeshwa kazi ya wanasayansi wengi waliofanya kazi na Legasov, mwanasayansi aliye mhusika mkuu. Sehemu ya tano ina jambo zito zaidi la aina hiyo, silitaji hapa. Isikilize baada ya kutazama, kamwe si kabla, hata kama unadhani unaijua habari ya ajali ya nyuklia ya Chernobyl tangu 1986.

Breaking Bad nayo inayo ya waandaaji: Breaking Bad Insider Podcast, ya Kelley Dixon, mhariri wa picha, na Vince Gilligan, muundaji. Hapa kuna mtego. Ilianza 2009 na msimu wa pili, kwa hiyo sehemu saba za msimu wa kwanza utazitazama bila msindikizaji. Watu wengi wanaitafuta sehemu ya kwanza, hawaioni, wanabonyeza Better Call Saul Insider, ya tamthilia nyingine iliyozaliwa na Breaking Bad, wakidhani ndiyo hiyohiyo. Hiyo ilianza 2015, Breaking Bad ikiwa imeshaisha, na wanaitaja watakavyo. Ukiisikiliza mapema umejimaliza mwenyewe.

DadaYaMarudio
Naunga mkono, ila Insider si ya kila sikio. Ni mazungumzo ya ufundi: kwa nini tukio limekatwa hapa na si pale, mahali pa kurekodia palipatikanaje, mwandishi alikwama wapi. Anayetaka kujadiliwa kama Walter, mhusika mkuu wa Breaking Bad, ana haki au hana ataboreka.

Kuhusu The Office, kaka, Office Ladies iweke kando kwanza. Jenna Fischer na Angela Kinsey waliianza Oktoba 2019, tamthilia ikiwa imeisha tangu 2013. Wanapitia sehemu moja moja kwa mpangilio, na wana kumbukumbu ambazo mchambuzi hawezi kuzipata: nani alishindwa kuzuia kicheko, kitu gani kimewekwa juu ya meza nyuma ya mhusika, mstari upi haukuwa kwenye andiko. Lakini wanaongea na mashabiki waliorudia mara nyingi. Wakiona watu wawili wanaangaliana msimu wa kwanza, wanakuambia inakoishia. Tamthilia ina sehemu 201. Maliza yote, kisha rudia na Office Ladies. Kwa kweli mara ya pili inanoga zaidi kuliko ya kwanza.

Pedi_na_Kebo
Kwa The Last of Us, iliyotokana na gemu, mwenye uzi hajasema kama anacheza magemu, na hilo ndilo linaloamua. Podikasti rasmi ya HBO ya 2023 inaongozwa na Troy Baker, sauti ya Joel, mhusika mkuu, kwenye gemu la 2013, akiwa na Craig Mazin na Neil Druckmann wa Naughty Dog, studio iliyotengeneza gemu hilo. Karibu kila mazungumzo yanalinganisha gemu na tamthilia. Mfano usioharibu kitu: kwenye gemu ugonjwa wa kuvu husambaa hewani kwa vumbi la mbegu, ndiyo maana wahusika huvaa barakoa za gesi, kwenye msimu wa kwanza wa tamthilia vumbi hilo limeondolewa, badala yake kuna nyuzi za kuvu zinazounganisha walioambukizwa chini ya ardhi. Mabadiliko hayo yanagusa mavazi, nyuso za waigizaji, hata namna ya kupanga hatari ndani ya tukio.

Kama hutacheza gemu kabisa, sikiliza sehemu kwa sehemu, zote tisa za msimu wa kwanza. Kama unapanga kucheza, cheza kwanza, halafu tazama, halafu sikiliza. Ukigeuza mpangilio huo, sehemu ya tatu ndiyo itakayokuumiza, kwa sababu hapo ndipo waliachana zaidi na gemu, na mazungumzo yanaeleza pande zote mbili.

Mdadisi_Kiwambo
Sichezi, ahsanteni. Na za wachambuzi? Kuna mtu kanitajia The Rewatchables na Blank Check.

DadaYaMarudio
Zote mbili ni za filamu hasa, hazitakusaidia kwa hizo nne. The Rewatchables ya The Ringer (tovuti ya michezo na burudani), Bill Simmons na wenzake, inachukua filamu ambayo wanajua umeshaiona na kuipitisha kwenye maswali yaleyale: tukio gani linarudiwa zaidi, nini kimezeeka vibaya, nani aliibeba filamu. Hakuna tahadhari ya uhondo, na hawana sababu ya kuiweka. Blank Check ya Griffin Newman na David Sims inafuata kazi zote za mwongozaji mmoja hadi ziishe. Ni ndefu, wanapenda kuchepuka, na utani wao unajengwa juu ya utani wa wiki zilizopita. Usiingilie katikati. Chagua mwongozaji unayempenda, anza na filamu yake ya kwanza.

Bando_la_Wiki
Niseme la bando, maana hapo ndipo watu wanaumia. Sauti ya 128 kbps (kilobiti kwa sekunde) ni takriban MB 58 kwa saa. Ya 64 kbps ni nusu yake, MB 29. Saa moja kila siku kwa 128 haifiki MB 410 kwa wiki. GB 2 inatosha, mradi usisikilize kupitia video. Podikasti ileile ukiifungua kama video inakula mara kadhaa ya hapo hata kiwambo kikiwa kimegeuzwa chini.

Programu: AntennaPod. Ni ya bure, haina matangazo yake yenyewe, na mlisho wowote wa RSS (kiungo ambacho podikasti husambazia sehemu zake) unaingia. Ila usitegemee upakuaji wa kujiendesha kwa podikasti zilizokwisha kama ya Chernobyl: kwa kawaida unachukua sehemu mpya, na hapo hakuna mpya, kwa hiyo utasubiri bila mwisho. Fungua podikasti, panga kuanzia ya zamani, gusa na kushikilia sehemu moja, chagua nyingine unazotaka, pakua zote ukiwa kwenye Wi-Fi. Washa kufuta baada ya kusikiliza. Kuruka ukimya kuzime kwa podikasti za vichekesho. Kunakata ule mtulio kabla ya neno la kuchekesha.

Mdadisi_Kiwambo
Moja la mwisho. Maelezo ya sehemu yanasema mada fulani iko dakika ya 12, mimi naikuta ya 14. Faili bovu?

Mkasi_wa_Mhariri
Si bovu. Matangazo mengi siku hizi hupachikwa na seva wakati unapopakua, kulingana na nchi na tarehe. Aliyeandika maelezo alihesabu faili lisilo na matangazo au lenye matangazo mengine. Tofauti hiyo ya dakika mbili itabaki hivyo hadi mapumziko yanayofuata, kisha itaongezeka au kupungua, kwa hiyo ipime upya baada ya kila tangazo. Na ukifuta faili ukalipakua tena wiki ijayo, urefu wake unaweza kubadilika. Pale programu ilipokumbuka umeishia patakuwa pengine. Rudi nyuma sekunde 60 ndipo uendelee.